Kaye ya Mwaka: Namna Tunavyoandika na Kusoma Miaka Yetu Pamoja

Kila mwisho wa mwaka, mbele ya Bonane, katika mitaa mingi ya miji yetu ya Katanga kunafanyika jambo moja ambalo vitabu vya historia havilisemi. Watu wa shirika la kusaidiana wanakutana kwa mmoja wao. Wanaume wanaleta viti, wamama wanapika muchele na kuku, watoto wanaonyeshana nguo zao za siku kuu. Mtunza sanduku anahesabu franga mbele ya wote na kugawa. Kiisha, mbele ya chakula kuletwa, sekretere anafungua kaye na kusoma mwaka mzima: nani alizaa, nani alifiwa, nani alilala hospitali, mtoto wa nani alipata diploma ya Serikali, nani hakutoa mchango na kwa sababu gani. Watu wanasikiliza, wanacheka, wananyamaza. Mara nyingi wanamkatiza: "Apana, sekretere, ile kilio ilikuwa mu mwezi wa tano, haikuwa mu mwezi wa sita!" Naye anachukua kalamu na kusahihisha hapo hapo.

Sisi tunaofundisha historia tulizoea kuona desturi hiyo kama mambo ya hesabu za franga tu. Katika maandiko haya tunapenda kuonyesha kwamba kaye hizo ni historia kamili, tena historia yenye wazazi wake katika inchi yetu. Tunapenda pia kuonyesha kwamba ukweli wake hautoki katika mkono wa mwandishi peke yake. Unatoka katika ile saa ya kusoma kwa sauti, mbele ya watu walioishi mambo yenyewe na walio na haki ya kusema "apana". Mwishoni tutaeleza juu ya ukurasa mmoja wa kaye ya kwetu Likasi, ambao ulitufundisha jambo hilo kuliko vitabu tulivyosoma.

1. Mwaka mbele ya karatasi

Wazee wetu walihesabu miaka bila kalenda ya ukuta. Mwaka ulikuwa ni mvula na kiangazi, kupanda na kuvuna, na mwaka uliopita uliitwa kwa jambo kubwa lililotokea ndani yake: mwaka wa njala, mwaka wa nzige, mwaka alipokufa mfalme fulani. Mtu aliyeulizwa umri wake hakutoa hesabu, alitoa jambo: "Nilizaliwa wakati wa vita." Na jina la mwaka halikuwa la mtu mmoja. Lilipaswa kukubaliwa na kijiji kizima, kama sivyo halikudumu.

Mwezi wa kwanza wa wazungu ulikuja pamoja na misioni na kampani. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville ulianza mwaka 1910, wakati reli kutoka kusini ilipofika. Watu waliokuja kufanya kazi kutoka pande zote walikuta huko mwaka wa namna nyingine, wenye kuanza katikati ya mvula, wakati mahindi yangali machanga shambani. Walikuta pia karatasi. Mfanyakazi alikuwa na buku ya kazi, na muzungu wake aliandika ndani yake siku alizoingia na kutoka, na pengine neno juu ya tabia yake. Kwa hiyo wengi wa babu zetu walitembea mfukoni na maneno yaliyoandikwa juu yao, bila kuwa na uwezo wa kuyasoma wala kuyajibu. Hiyo ndiyo ilikuwa "kaye" ya kwanza ya mji: mkono mmoja unaandika, mwingine unabeba.

Lakini watu hawakukaa hivi hivi tu. Katika miaka ya 1920 kulikuwa Élisabethville na makundi ya ngoma ya mbeni, ngoma iliyotoka pwani ya mashariki, yenye vyeo vyake na wakubwa wake. Watu waliipenda kwa kucheza, ni kweli, lakini makundi ya namna ile yalisaidia pia wakati wa ugonjwa na wa kilio, kwa sababu mtu wa kazi aliyekufa mbali na kijiji chake alihitaji watu wa kumzika. Vyama vya watu wa asili moja vilifuata njia hiyo. Shirika la leo, likelemba ya wamama sokoni, chama cha mtaa, ni wajukuu wa makundi hayo.

Na ile desturi ya kuita mwaka kwa jambo lake haikufa mjini. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mshahara walipigwa risasi na waaskari kwenye kiwanja cha mupira, na makumi ya watu wakafa. Wale walioingia mwaka 1942 siku chache baadaye walikuwa na mwaka wa kuita kwa jina lake bila kungoja gazeti. Karatasi za kampani zilikuwa na hesabu zao. Wajane nao walikuwa na hesabu yao.

2. Buku ya mwaka 1965

Mwaka 1965 kulitokea huko Élisabethville jambo ambalo, kwa maoni yetu, kila mwanafunzi wa Katanga angepaswa kulijua. Wazee waliofanya kazi nyumbani mwa wazungu, wale walioitwa maboyi, walikuwa wameunda chama chao. Waliamua kuandika historia ya mji kama walivyoiona wao. Mwandishi wao aliitwa André Yav. Jina la maandiko yao ni la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini maneno yenyewe ni Kiswahili cha kwetu, kama kinavyosemwa barazani, bila kupambwa. Ni kurasa zaidi kidogo ya thelathini, zilizopigwa kwa mashini ya kuandika.

Ndani yake mna Msiri na mfalme Leopold II, mwanzo wa mji, vita ya 1914-1918, chakula na mshahara wa maboyi, na ile hofu kubwa ya "Simba Bulaya", mla watu wa usiku ambaye wazee wengi waliogopa hata wasipite njia fulani giza likiingia. Mwalimu mwenye haraka atasema: tarehe hizi zingine haziendi sawa na za kitabu, tena mambo ya Simba Bulaya si historia. Nasi tulisema hivyo zamani. Lakini boyi alikuwa mtu aliyeingia kila chumba cha nyumba ya muzungu na aliyesikia kila neno la mezani. Hakuna aliyemwuliza. Mwaka 1965 yeye mwenyewe alijiuliza na kujijibu, na hakusema "mimi", alisema kwa ajili ya wenzake wote. Hata hofu yake ni ushuhuda: inatuambia namna watu walivyoona mji ule uliokula nguvu za baba zao.

Maandiko hayo yangepotea, kama yalivyopotea mengi. Johannes Fabian, aliyefundisha katika Universite ya Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndiye aliyeyatoa katika kitabu mwaka 1990. Na hapa kuna jambo la kushangaza. Maneno yalikuwa yameandikwa jinsi yalivyosikilika, hapa yameshikana, pale yamekatwa, nukta ni chache. Kwa macho tu, mtu hakufika mbali. Ilipasa Kalundi Mango, aliyejua vizuri Kiswahili hiki, ayasome kwa sauti, ndipo maana ikajitokeza. Wale wazee hawakuandika kwa ajili ya mtu aliyeketi peke yake na taa yake. Waliandika ili mmoja asome na wengine wasikie.

Mwaka mmoja baadaye, mwaka 1966, Élisabethville iliitwa Lubumbashi. Jina la mji lililo juu ya buku yao lilikuwa limekwisha kuondolewa, lakini mambo waliyoyaandika yalibaki. Tangu mwaka 2000 Universite ya Lubumbashi imefuata njia inayofanana na hiyo, katika kazi iitwayo Mémoires de Lubumbashi: wakaaji wenyewe waliombwa kusema mji wao, na vitu vyao vya nyumbani vikaonyeshwa katika Jumba la makumbusho.

3. Kaye ya shirika inasema nini

Turudi sasa kwenye kaye ya kawaida, ile ya kurasa mia moja inayouzwa sokoni. Shirika la mtaa wetu Likasi lilianzishwa katika miaka ya 1980 na wafanyakazi wa Gécamines, wa reli, na wanawake wao. Kwa kuwa tu mwalimu, watu walituomba tuwe sekretere, na hivyo tulikabidhiwa kaye zote za zamani katika mfuko mmoja wa unga. Panya walikuwa wamekula pembe za nyingine.

Mwanahistoria angeona nini katika mfuko ule? Kwanza angeona franga zetu zikiugua. Katika kaye za kwanza michango inaandikwa kwa zaire, pesa iliyoanza mwaka 1967, kwa hesabu ndogo tu ambazo mtoto wa shule anaweza kuzijumlisha. Kufika 1991 na 1992, sekretere anakosa nafasi ya sufuri katika mstari, anageuza kaye upande ili aandike kwa urefu. Ni wakati wa noti ya zaire milioni tano. Mwezi wa kumi 1993 sufuri zinakatika ghafula: zaire mpya moja kwa zaire milioni tatu za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 inaingia franga ya Kongo: franga moja kwa zaire mpya laki moja. Kuna mwaka mmoja sekretere aliacha kabisa pesa na kuandika michango kwa makopo ya unga. Hatujui kitabu cha uchumi kinachosema jambo hili kwa ufupi kuliko kaye ile.

Angeona pia kazi zikikwisha. Mbele, kando ya kila jina la mwanaume kunaandikwa idara yake ya kazi. Mwaka 2003 na 2004, wakati Gécamines ilipoachisha kazi watu zaidi ya 10,000 kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa kupenda, idara zinafutwa moja baada ya nyingine, na mahali pake panaandikwa: shamba, makala, kuchimba. Na angeona wamama wakishika kalamu. Kufika hapo, wanaotoa mchango kwa wakati wake ni wao, na mtunza sanduku ni mama.

Yote hayo yaliandikwa na watu waliofikiri kwamba wanaandika franga tu.

4. Neno "alihama"

Sasa ule ukurasa. Mwisho wa mwaka 2016, ile siku ambayo redio ilikuwa inasema juu ya mapatano yaliyotiwa sahihi Kinshasa mbele ya maaskofu, tulikuwa tumekutana kama kawaida. Kwa kuwa shirika lilikuwa limefikisha zaidi ya miaka thelathini, tulipendekeza tusome si mwaka ule tu bali sehemu za kaye za zamani, ili vijana wajue. Watu wakafurahi. Tukasoma 1987, wakacheka kwa sababu ya bei ya bia. Tukasoma 1990. Tukafika 1992.

Kuanzia mwezi wa tisa wa mwaka ule, kando ya jina moja kuna neno "alihama". Chini yake lingine. Mwezi uliofuata manne. Tulikuwa tunasoma kwa sauti ya kawaida, jina, "alihama", jina, "alihama", na kadiri tulivyoendelea sauti ilianza kutulemea, maana nyuma yetu hakuna aliyecheka tena. Yalikuwa majina kumi na manne. Kila msomaji wa kwetu anajua ni majina ya namna gani. Mwaka 1992 na 1993, hasa Likasi na Kolwezi, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, na wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye vituo vya treni, wiki na miezi, wakingoja behewa. Wengi, hasa watoto, walikufa pale na njiani. Sisi tulikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikwenda kituoni kumtafuta rafiki tuliyeketi naye kwenye benchi moja ya shule, na hatukumpata.

Mama mmoja mzee, wa wale walioanzisha shirika, aliinua mkono.

"Mwalimu, simama hapo. Muliandika 'alihama'. Mutu anahama na furaha, anabeba kitanda yake, anaaga bajirani. Hawa balihama na nini?"

Muzee mmoja akajibu kwamba si siku ya kuamsha mambo hayo, ni Bonane, watu wale kwa amani. Mama akasema:

"Soma tena pa chini. Soma pale pa franga."

Tukasoma. Hawa kumi na wanne walikuwa wametoa michango yao tangu mwezi wa kwanza 1992, kila mwezi, bila kukosa. Mwisho wa mwaka ule sanduku liligawanywa, kama desturi ilivyo. Liligawanywa kwa waliobaki. Kaye inasema kila mmoja alipewa kiasi gani, na kwamba kulipikwa mbuzi.

Hatukumhukumu mtu. Wale walioandika waliogopa, na mwaka ule hofu ilikuwa na sababu. Lakini ilituwia wazi kwamba kaye haikuwa imesema uongo hata mstari mmoja, na hata hivyo haikuwa imesema kweli, kwa sababu watu ambao wangesema "apana" hawakuwa tena kwenye viti siku iliposomwa.

Kijana mmoja akauliza kama tuwarudishie watu hao deni lao. Tukahesabu pamoja ubaoni. Tuseme kila mmoja aliweka zaire milioni kumi. Kumi na wanne wanafanya milioni mia moja na arobaini. Lakini franga moja ya Kongo ni zaire za zamani bilioni mia tatu. Deni lote, kwa hesabu ya banki, halifiki hata sehemu moja ya elfu mbili ya franga moja. Yule kijana akaketi. Mama akasema: "Kwa banki ni bure. Kwa kaye iko." Na hakuna aliyemjibu.

Jioni ile iliamuliwa hivi. Ukurasa wa 1992 usipasuliwe wala kufutwa, maana ni ushuhuda wa hofu yetu. Lakini ufuatwe na ukurasa mpya, wenye majina yote kumi na manne, mwezi ambao kila mmoja alifukuzwa, michango yake, na neno "alifukuzwa" badala ya "alihama". Na ukurasa huo usomwe kila mwisho wa mwaka, mbele ya kugawa franga. Wawili walikataa kutia sahihi. Tuliandika pia kwamba walikataa, na wao walikubali iandikwe.

5. Tufanye nini

Wapenzi wasomaji, mwezi wa kwanza katika Kongo ni mwezi wa kukumbuka. Tunakumbuka wafu wa Léopoldville wa tarehe 4 Januari 1959. Tunakumbuka Patrice Lumumba, aliyeuawa pamoja na Mpolo na Okito tarehe 17 Januari 1961, karibu na Élisabethville, katika inchi yetu hii ya Katanga. Tarehe 16 tunamkumbuka Laurent-Désiré Kabila, aliyepigwa risasi mwaka 2001. Hizo ni siku za Taifa, na Serikali inazitunza kwa bendera na hotuba. Lakini mitaa nayo iko na siku zake, na hakuna atakayeitunzia isipokuwa yenyewe.

Kwa hiyo tunatoa mashauri machache kwa mashirika na vyama vyetu. Kaye isibaki kwa mtu mmoja. Iandikwe mara mbili, na nakala ikae kwa mwingine, maana nyumba inaungua na panya wako. Isisomwe na wakubwa wakiwa peke yao. Watoto waitwe na waketi. Anayeona kosa asimamishe msomaji, hata kama chakula kinapoa. Kosa lisifutwe bali liandikwe sahihisho pembeni, na jina la aliyesahihisha. Zaidi ya yote, mbele ya kusoma mwaka, sekretere aulize: ni nani hayuko hapa, na ambaye mambo yake yatasomwa? Wale wazee wa 1965 walifahamu jambo hilo. Waliandika kwa sababu walijua uchungu wa kusomwa na wengine bila kuwepo.

Miaka michache baada ya ule mkutano wetu, mwanaume mmoja alikuja mlangoni. Alikuwa ametoka Kasai kutafuta kazi katika migodi mipya, na mtu fulani alimwambia kwamba mwalimu wa mtaa ule ana kaye yenye jina la baba yake. Baba alikwisha kufa. Tulimketisha, tukafungua ukurasa na kumsomea mstari, kwa sauti, kama inavyopasa: jina, mwezi, michango kumi na miwili. Akatuomba tusome tena. Kiisha akasema: "Baba alikuwa anatuambia alilipa yote hadi mwezi wa mwisho, hata wakati tulikuwa tunalala ku gari. Mama hakumwamini."

Alipiga picha ya ukurasa kwa simu yake. Kiisha akaonyesha kwa kidole: jina la ukoo lilikosa herufi moja. Tukampa kalamu, akasahihisha mwenyewe, na pembeni akaandika jina lake na tarehe.